Kitambaa cha Altare

Hamduni aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kanisa, akavua kofia, akasema amekuja kutembea.

"Kutembea?" Mzee Rafaeli alikuwa amekaa kizingitini, anachambua dagaa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya, kinang'aa. "Wazungu ndio wanakujaga kuangalia haya mawe. Watu wa Murangi mnapita hapo barabarani bila hata kugeuza shingo. Leo fundi umeamka na hamu ya mawe?"

"Nimeamka nayo."

Hakuamka, kwa sababu hakulala. Mkewe Mwamvita alikata roho kabla ya alfajiri. Saa hizi wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha, wamemfunika mkeka, wanangoja sanda. Na mwaka ule wa themanini na tatu, kutoka Murangi mpaka Musoma mjini, bafta ya sanda haikuwepo. Duka lilikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Khanga za Mwamvita ziligeuka unga wa muhogo tangu kiangazi, na gauni lililobaki lilikuwa matobo yaliyoshikana mikono.

"Mzike na mkeka," shehe alimwambia. "Mungu anaijua hali yetu."

Mungu anaijua, lakini Hamduni alikuwa fundi cherehani. Hakuna bibi harusi wa Murangi ambaye hakumshonea. Leo amfunge mkewe kwenye mkeka kama samaki wa kupeleka mnadani? Ndipo alipokumbuka kitambaa cha altare. Zamani, mapadre wakiwa bado wapo, yeye ndiye aliyekipinda: kitani cheupe, kizito, kinachotosha kufunika maiti na kubaki.

Rafaeli alinawa mikono, akachukua funguo. Alikuwa katekista, na mapadre walipoondoka akawa mlinzi pia. Misheni nzima, kanisa na nyumba zake za mawe ya mchanga, serikali ilikuwa imeiwekea kibao: mali ya kale, marufuku kubadilisha kitu. Watu waliishi humo humo ndani ya mali ya kale. Hawakubadilisha kitu. Walipungua tu. Kando ya kanisa Hamduni aliona makaburi ya udongo mbichi, mengi, akageuza macho. Alikuwa na lake.

"Mawe haya yalichongwa enzi za Mjerumani," Rafaeli alisema ndani, kwa sauti anayowapa wageni. "Yalibebwa kichwani kutoka kule kilimani. Babu yangu aliyabeba mpaka nywele zikakataa kuota."

"Padre anakujaga lini siku hizi?"

"Padre hana petroli. Tunasali wenyewe, tunaimba, tunarudi nyumbani na njaa zetu."

Hamduni hakusikia vizuri. Alikuwa amefika kwenye uzio mfupi wa mbao, na mbele yake, juu ya ngazi, altare ilikuwa imesimama na vinara vyake vizito vya shaba. Chini ya vinara, ukingoni, kitani kilikuwa kimening'inia. Hata kwa umbali ule aliujua mkono wake: pindo jembamba, mishono iliyosogeleana, pembe zimekunjwa jinsi asivyokunja fundi mwingine yeyote. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu usiku.

"Hapo hatuvuki," Rafaeli alisema.

Hamduni alingoja mzee ageuke. Mzee hakugeuka. Jua lilikuwa linakwenda, na kule nyumbani kaburi lilikuwa linachimbwa.

"Katekista, nina maiti nyumbani."

"Nani?"

"Mwamvita."

Rafaeli alifumba macho kidogo. "Pole, ndugu yangu. Nilijua kuna jambo. Mtu haji kuangalia mawe na mkasi mfukoni."

Hamduni aliusukuma mkasi ndani, ingawa haikusaidia kitu tena. "Nipe hicho kitambaa. Nguo zikirudi madukani nitakushonea kingine."

"Zirudi kutoka wapi? Pamba tunalima sisi. Inapanda lori pale Bunda, inatupungia mkono. Umeiona imerudi?"

"Basi nipe kwa sababu hiyo hiyo."

"Ni kitambaa cha misa, fundi. Na ninyi ni Waislamu."

"Nilikishona mimi, siku nzima kikiwa mapajani mwangu. Hakikuniuliza dini."

 Rafaeli alijikalisha kwenye benchi la mbele polepole, kama mtu anayetua mzigo.

"Umechelewa, fundi."

"Sijachelewa. Tunazika alasiri. Nikiendesha bila kupumzika nitawahi."

 Mzee alipunga mkono kuelekea altare. "Haya. Panda. Chukua mwenyewe."

Hamduni alivuka uzio kabla mzee hajabadili mawazo. Alipanda ngazi akikata kichwani: kipande hiki cha kiunoni, hiki cha kichwani, hivi viwili vya kumzungushia mwili mzima. Mwamvita hakuwahi kuvaa kitani maishani mwake. Leo angevaa. Alishusha kinara kimoja, akashusha cha pili, akashika pindo kwa mikono miwili, akavuta.

Kilikuja chepesi mno. Mkononi mwake ulining'inia ukanda mweupe wa upana wa kiganja, na pindo lake zuri, umeshikizwa kwa uzi kwenye gunia la pamba. Gunia ndilo lililofunika altare nzima.

"Usinilaumu, fundi," Rafaeli alisema kutoka kwenye benchi. "Mke wangu alikuwa mfupi, ndiyo maana hata hicho kimebaki."