Maji ya Mihambo

Madamu, Mwingereza ninayemfanyia kazi hapa Maskati, alinipachika ua jekundu la karatasi kifuani. Pini ikanichoma.

"Leo tunawakumbuka vijana wa kijiji chetu waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia," akasema, akinionyesha picha ya jiwe lao la ukumbusho. Majina yote yamechongwa, hadi la mtoto wa muuza nyama.

Wivu ukanikaba. Baba yake babu yangu, Mihambo, aliwabebea Waingereza hao hao mizigo katika vita hivyo hivyo, hakurudi. Kwetu Tabora marehemu huitwa kwa jina, akamwagiwa maji kaburini. Yeye hata kaburi hana.

"Sasa tunyamaze dakika mbili," madamu akasema, akainamisha kichwa.

Nikachukua glasi yake ya maji iliyokuwa mezani, nikayamimina yote juu ya zulia.

"Mihambo!" nikaita. "Kunywa, babu."