Mazoezi ya Kutojua

"Mimina tena," Meinir alisema. "Na safari hii usikilenge kikombe."

Delyth aliinua birika, akalitazama, akalirudisha mezani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Kujifunza jambo kulimchukua muda mrefu kuliko wengine, lakini akishalijua, limeingia. Na kumimina chai alikujua siku nyingi.

"Nitachafua meza," alisema.

"Ndicho tunachotaka, mpenzi. Meza ichafuke."

Meinir Pugh alikuwa msaidizi wake. Halmashauri ilimlipa aje kwa Delyth kila siku ya kazi, kwa saa zinazonyumbulika, amsaidie kujifunza kujitegemea. Upande wa kunyumbulika aliumudu vizuri sana. Alinyumbulika akafika saa nne badala ya saa tatu, kisha akajinyoosha kwenye kochi la Delyth, mbele ya televisheni ya Delyth, na biskuti za Delyth zikamsindikiza hadi mchana. Delyth akiomba kupelekwa bwawani kuogelea, aliambiwa mvua inanyesha. Huko Wales, kisingizio hicho hakiishi.

Upande wa kufundisha ulikuwa mwepesi zaidi. Ofisini walimwonya Meinir kwamba mama huyu hata chai hajui. Asubuhi ya kwanza tu, mama huyu alimpikia chai, akamkaangia mayai, akaosha na vyombo. Meinir akaona kwamba aliyemtangulia alikuwa mzembe wa kupindukia, asiyejua hata kumtazama mtu aliyekabidhiwa. Akamshukuru kimoyomoyo, akanyamaza.

Sasa afisa wa ustawi alikuwa anakuja kufanya tathmini ya mwaka, na kila mtu katika bonde walilokaa alijua tathmini zinavyokwenda. Ukionekana unaweza, unapewa hongera nyingi, kisha unapunguziwa saa za msaidizi. Ukienda dukani peke yako, hongera zaidi, na saa nyingine zinakwenda. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao timamu walikaa jikoni wakifundishana kushindwa.

"Wakikata saa, mimi sina kazi," Meinir alisema huku akifungua pakiti mpya ya biskuti. "Na wewe utabaki humu peke yako, unaongea na kuta. Unataka?"

"Sitaki." Hilo Delyth alilisema kwa moyo wake wote. Siku asizokuja mtu zilimtisha kuliko kitu chochote.

"Haya basi. Akikuuliza basi la kwenda mjini ni lipi?"

"Namba—"

"Aa-aa!"

"Sijui."

"Umeona? Na jiko je?"

"Naliogopa."

"Safi kabisa. Akikuuliza kama mimi nakusaidia?"

Delyth alifikiri kidogo. "Hilo nalo nishindwe?"

"Wee! Hilo useme nakusaidia sana!"

Afisa aliyekuja aliitwa Bwana Hopkin. Alikuwa mgeni, kama walivyokuwa wageni wote waliomtangulia; kazi ile haikuwa na mtu wa kuja mara mbili. Aliomba, kwa upole, aone Delyth akitengeneza chai.

Delyth akatengeneza. Alitia vifuko vya chai kwenye bakuli la sukari. Alimimina maji kwenye kisahani, mezani, na mwisho kwenye suruali ya Bwana Hopkin. Kwa bahati njema yalikuwa maji baridi, maana birika hakuwa ameliwasha.

Nyuma yake Meinir alijizuia asipige makofi. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu.

"Na basi la kwenda mjini?" Bwana Hopkin aliuliza, akijikausha kwa leso.

"Basi ndiyo nini?" Delyth akauliza.

Meinir akatikisa kichwa kwa huzuni nzito, ile aliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Na huyu dada unamjua?"

Delyth akamtazama Meinir toka juu mpaka chini. "Simjui jina. Huwa anakaa pale." Akaonyesha kochi.

Huzuni ya Meinir ikaanza kuwa ya kweli. "Anachanganyikiwa akiona wageni," alisema haraka. "Delyth, mpenzi, mwambie ninavyokusaidia."

"Kuna kitu unachopenda kufanya, Delyth?" Bwana Hopkin aliuliza kana kwamba Meinir hayupo.

"Kuogelea."

"Umekwenda lini?"

"Mvua," Delyth alisema.

Bwana Hopkin alitazama dirishani, kisha akamtazama Meinir kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza.

"Faili linasema mwaka jana alikuwa hajui chai," alisema. "Mwaka huu hajui chai, hajui basi, na hajui jina lako. Dada, nikikuachia mwaka mwingine si atasahau hata kupumua? Saa zake hazikatwi hata moja, na nitaomba aongezewe. Ila kuanzia Jumatatu atakuja msaidizi mwingine."

Meinir alifungua mdomo. Alitaka kupiga kelele kwamba mama huyu anaigiza, kwamba anakaanga mayai kuliko mpishi wa hoteli, mpeni kikaango mwone! Ndipo alipokumbuka swali litakalofuata: nani alimfundisha kuigiza? Akaufunga mdomo.

Bwana Hopkin alipoondoka, suruali yake ikidondosha maji hadi garini, Delyth alikwenda kuleta koti la Meinir. Akamshikia vizuri ili mikono ipite bila shida, kama afanyavyo mwenyeji mwenye adabu zake.

"Asante kwa kunifundisha," alisema. "Yule wa kabla yako ilibidi nimwondoe bila mwalimu."