Shibiri ya Mihayo

Nyamizi aliwalaza samaki wawili aina ya ningu juu ya ubao. Wa maporomokoni alikuwa mwembamba, kichwa kimechongoka kwa kushindana na maji. Wa bwawani alikuwa na tumbo la kushiba. Kila masika yalipokwisha, mji ulitaka kujua samaki wa wapi wamezidi urefu. Mpimaji alikuwa mumewe, Mihayo, mpaka mafuriko ya mwaka huu yalipomchukua.

Akatandaza kiganja, akawapima kwa shibiri, mmoja baada ya mwingine.

"Wa maporomokoni, shibiri mbili na vidole vitatu. Wa bwawani vilevile."

"Mwaka jana si walikuwa shibiri mbili tu?" akauliza Kalunde, dada wa marehemu. Uso wake ukakunjuka kidogo. "Basi wamerefuka pande zote, wifi. Labda mto umeona haya, umeamua kutulipa."

Nyamizi akautazama mkono wake juu ya magamba.

"Samaki ni walewale, wifi. Mkono ndio sio ule."

Kalunde akainama. Nyamizi akavuta kidole gumba na kidole cha mwisho mpaka vikamuuma, akapima tena polepole. Mkia ukabaki nje ya shibiri mbili.