Toleo la Shavu

Kitendawili! Sema tega, msikilizaji wangu. Hana kinywa na anaimba, hana kazi na anatoka jasho. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni santuri za siku hizi, zinazooteshwa kutokana na ngozi ya mpiga muziki mwenyewe.

Mwinjuma alikuwa na ugonjwa wa santuri za jazi. Jioni moja aliweka mbili mezani, kando ya bakuli la mchuzi, akamwita mkewe Zena achague. Zote zilikuwa za marehemu baba yake Zena, mpuliza tarumbeta aliyejulikana Tanga nzima.

"Hili ni toleo la ngozi ya mgongo, na hili la shavu," alisema. "La shavu lina sauti tamu, ila linataka kupakwa mafuta ya nazi kila siku. Tubaki na lipi, Mama Pili?"

Zena aliligusa la shavu. Lilikuwa vuguvugu kama kuku aliyetoka kunyonyolewa, na vinyweleo vikasimama chini ya kidole chake. Akausukuma mchuzi mbali.

"Baba alizikwa hata sijaolewa. Ngozi yake hao watengeneza santuri wameitoa wapi?"

"Sikiliza kwanza wimbo."

"Nimekuuliza, Baba Pili! Wamefukua kaburi?"

"Astaghfirullah! Nani aguse kaburi?" Mwinjuma aliifuta santuri jasho kwa upindo wa kanga ya mkewe. "Damu yake si unayo wewe? Walitaka kitu kidogo tu cha mwilini mwako."

"Wakakipata wapi?"

Mwinjuma aliinamisha kichwa. "Nywele zako, mke wangu. Kila ulipochana, nilizitoa kwenye kitana nikawapelekea."