Magoti Juu ya Kokoto

Mizigo ilikuwa bado haijafunguliwa yote Sikudhani alipompeleka binti yake, Zamda, kuiona shule ya sekondari ya mlimani. Majirani wao wapya wote waliisifu. Ile ya bondeni, walisema, kazi yake kufelisha watoto.

Mwalimu mkuu aliwatembeza mwenyewe, akawaonyesha maabara na vikombe vya ushindi. Walipotokea uani, wakamkuta msichana mwenye sare amepiga magoti juu ya kokoto, jua likimchoma utosini.

"Amefanya nini?" Sikudhani aliuliza.

"Amefeli hisabati," mwalimu mkuu alisema huku akitabasamu. "Usijali, mama. Ndivyo tunavyoongoza wilaya nzima."

"Kwa kumchuna magoti mtoto wa watu?"

"Huko bondeni hawapigishwi magoti. Na matokeo yao umeyasikia."

Zamda alimvuta mama yake mkono, akitaka waondoke. Lakini hasira zilikuwa zimemfika Sikudhani kooni. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwomba Mungu mwanawe apate nafasi hapa! Akavuka uwanja, akamshika msichana yule kwapani, akamwinua. Kokoto mbili zilikuwa zimenasa kwenye goti. Akachuchumaa, akazibandua kwa ukucha, taratibu.

"Mama, unaniharibia nidhamu ya shule!" mwalimu mkuu alifoka.

"Zamda, twende bondeni," Sikudhani alisema, bila hata kumtazama mwalimu.

Walipofika langoni, Zamda aligeuka. Msichana alikuwa angali amesimama, na mwalimu mkuu mbele yake akimwonyesha kokoto kwa kidole.