Pamba ya Baridi

Jino la mbele la Raya lilikuwa limekatika nusu, na katikati ya mkato palionekana kidoa chekundu. Daktari Mwatime alichovya pamba kwenye dawa ya baridi, akaigusisha pale.

"Inauma?"

"Haiumi," alisema Raya. Alikuwa na miaka minane.

"Huyu hadeki, daktari," shangazi yake alisema kwa fahari, amesimama mlangoni. "Tangu niletewe, mwaka wa pili huu, sijamsikia akilia. Wewe ling'oe tu."

Daktari aliitazama picha ya jino. Mzizi ulikuwa mfupi, ncha yake bado haijaziba. Kama nyama ya ndani ilikuwa hai, angeifunika kwa dawa na mzizi ungeendelea kukua. Kama ilikuwa imekufa, ungebaki vilevile.

Akagusisha tena.

"Haiumi," alisema Raya, lakini vidole vyake vya miguu vilijikunja ndani ya ndala.

Daktari akamwomba shangazi asubiri nje. Akafunga mlango, akainama karibu na mtoto.

"Mwanangu, hapa kwangu ikiuma ndiyo vizuri. Maana yake jino liko hai, na sitaling'oa. Sasa niambie kweli."

Raya aliutazama kwanza ule mlango. Pamba ikamgusa.

"Inauma," alisema kwa sauti ndogo.

"Ahsante, mwanangu." Daktari akaitupa pamba, akageuka kuchanganya dawa ya kufunikia.

Nyuma yake, kwenye kiti, ambako sasa hakukuwa na kitu kilichokuwa kikimgusa, Raya alikuwa bado anasema, "Inauma. Inauma. Inauma."