Uzi Mwekundu wa Ijumaa

Fundi Mbaruku hakuwa na mke, hakuwa na meno ya juu, hakuwa na cheti cha shule yoyote, na tangu mwanawe Hatibu akamatwe hakuwa na usingizi. Lakini kwa kutafsiri ndoto, mtaa mzima ulimwamini.

Siku hizo ndoto ya mshtakiwa ilioneshwa katika tamthilia ya upelelezi, jina lake likifichwa. Kila mtaa ulituma barua moja ya tafsiri, na tafsiri ya mitaa mingi ndiyo iliyokuwa hukumu.

Ijumaa hiyo majirani walijaa sebuleni kwake. Kwenye runinga mbuzi alikaa kwenye cherehani, akishona shati lisilo na shingo kwa uzi mwekundu. Gurudumu la cherehani lilikuwa limefungwa mpira wa baiskeli.

"Haya, fundi, tupe maneno," Mwinchande alimtania. "Au mbuzi kakutafuna ulimi?"

"Uzi ni uzi tu," alisema Mbaruku. "Kijana huyu hana hatia."

Bi Salome, jirani yake, aliinuka polepole, akafunua kitambaa kilichofunika cherehani pale pembeni. Mpira ule ule wa baiskeli ulikuwa kwenye gurudumu. Kicheko kikakatika.

"Kwenye ndoto ya mwanangu ulisema uzi mwekundu ni damu, wakamnyonga," alisema Bi Salome. "Andika vilevile, baba Hatibu. Usipoandika wewe, nitaandika mimi."

Mbaruku aliwatazama mmoja mmoja. Wote walitazama runinga.

Akaandika. Bi Salome akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, kisha akaipeleka posta mwenyewe.